Kabla Gari la Zimamoto Halijafika

Septemba 2024 bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, liliungua usiku, wakafa watoto 21. Siku iliyofuata serikali ya Kenya ilisema watoto 70 hawajulikani walipo, ikawaomba wazazi na wanakijiji waliowachukua baadhi yao wajitokeze. Idadi ya vifo ndiyo iliyobaki vichwani, na ni haki, lakini ombi lile linaonesha jambo ambalo mara nyingi tunalipita: mzazi na jirani huweza kufika mapema kuliko gari la zimamoto, tena huokoa, ila pasipokuwa na mahali palipokubaliwa pa kuwakusanya watoto na kuwahesabu, msaada wenyewe huzaa mkanganyiko. Ndiyo maana naona mafunzo ya kuzima moto kwa vijana yasiwe ya shule peke yake, wala ziara ya zimamoto ya mara moja kwa mwaka. Yawe kazi ya shule, kikosi cha zimamoto na watu wanaoishi nje ya ua.

Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na mara nyingi moshi huo huua kabla ndimi hazijamfikia mtu. Mwanafunzi aliyefunzwa anajua kutambaa, maana hewa yenye nafuu iko chini, na anajua kugusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua. Anajua pia kwamba mtungi wa kuzimia moto una mipaka. Mtungi wa unga wa kilo 6 huisha chini ya nusu dakika. Asiyewahi kuushika huhangaika kwanza na pini, kisha hupulizia ndimi juu badala ya kitako cha moto, na unga unaisha moto ukiwa palepale. Haya hayafundishiki kwa bango la ukutani. Mkono uwe umewahi kuichomoa pini ile.

Wapo wanaosema, na hawakosei sana, kwamba tatizo letu ni majengo. Katika moto wa bweni la shule ya Shauritanga, Rombo, Tanzania, mwaka 1994 walikufa wasichana 42. Katika ule wa shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, mwaka 2001, wavulana 67, mlango mmoja kati ya miwili ukiwa umefungwa na madirisha yana nondo. Hakuna mafunzo yanayokata nondo. Mwongozo wa usalama wa shule nchini Kenya wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Lakini mkaguzi haishi bwenini. Kijana aliyefanya zoezi la kutoka gizani ndiye atakayegundua kitanda kilichosogezwa mlangoni, au kufuli ambayo matroni analala na ufunguo wake upande wa pili wa uwanja. Pingamizi jingine ni zito zaidi: moto wa Kyanguli uliwashwa kwa petroli, na walioshtakiwa ni wanafunzi. Je, si kumkabidhi fisi bucha? Sioni hivyo. Kuwasha hakuhitaji kozi, kiberiti kinatosha. Anachokosa mwanafunzi mwenye hasira ni picha ya kasi ya moto anaodhani utaunguza magodoro tu na kumrudisha nyumbani. Hata hivyo mafunzo hayatibu malalamiko, na asitokee mkuu wa shule akayatumia badala ya kuwasikiliza wanafunzi.

Na hatari kwa watoto? Ujerumani, ambako wazimamoto wengi ni watu wa kujitolea, ina vikosi vya zimamoto vya vijana tangu 1882, vilipoanzia kisiwa cha Föhr. Leo vina vijana zaidi ya 200,000. Wanakunja mipira ya maji, wanapanda ngazi, wanajifunza huduma ya kwanza, lakini hawaingizwi kwenye moto. Mpaka huo tuuchukue ulivyo: mwanafunzi huamsha wenzake, hutoka, hupiga 114 akiwa Tanzania, na hugusa mtungi pale tu moto ni mdogo na mlango uko nyuma yake. Gharama kubwa ni jioni moja kila muhula. Jioni hiyo gari la zimamoto lije mpaka shuleni, fundi wa kijiji aje na ngazi yake, mwenye kisima aoneshe njia. Afadhali dereva agundue siku ya mazoezi kwamba geti ni jembamba kuliko gari lake, au kwamba tangi la shule halina koki inayoingia mpira wake.