Ekseli Ikipinda na Tairi Zikiisha Mapema: Namna ya Kudai Waranti ya Mkokoteni



Huku kwetu Emali mkokoteni si kitu cha mchezo. Kiangazi kikikaza maji hupatikana mbali, na mama asiye na punda huyabeba mgongoni, mtungi mmoja kwa safari moja. Ndiyo maana vikundi vingi vya mwethya, vikishaweka akiba ya kutosha, hununua mkokoteni wa punda wenye ekseli ya chuma na tairi za gari.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilinunua mkokoteni kama huo, mpya kabisa, wenye waranti ya miezi 12. Mwezi wa tatu tairi ya kushoto ilikuwa imelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Mwezi wa nne ekseli ikapinda. Akina mama wakafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: wakaupeleka kwa fundi wa kando ya barabara. Fundi akaipasha ekseli moto, akainyoosha kwa nyundo na kuichomelea. Wiki mbili baadaye ikapinda tena. Hapo ndipo mmoja wao akakumbuka waranti. Muuzaji aliangalia ile alama ya kuchomelea, akasema, "Nyinyi mmeshaiguza. Waranti imeisha." Wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Tulipokaa nao tulikubali kwamba kosa lilikuwa letu pia. Tuliwafundisha kuweka akiba na kuandika kumbukumbu za mikutano, lakini hatukuwafundisha kununua. Tunaandika makala haya ili tulipe deni hilo.

WARANTI NI NINI?

Waranti ni ahadi kwamba kitu kikiharibika kwa sababu ya ubovu wake chenyewe, ndani ya muda uliotajwa, kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo. Waranti si bima. Haimsaidii mtu aliyezidisha mzigo au aliyegonga jiwe. Kwa hiyo ugomvi wa waranti karibu wote ni wa swali moja tu: ubovu ulitoka kiwandani, au ulitoka kwenu? Mwenye ushahidi ndiye anayeshinda.

KABLA YA KUTOA PESA

1. Someni karatasi ya waranti hapo hapo dukani. Mara nyingi waranti ya mkokoteni hushika fremu na ekseli peke yake. Tairi huenda zina waranti ya kiwanda kingine, au hazina kabisa. Ulizeni: Tairi je? Beringi je? Nani analipa gari la kurudisha mkokoteni dukani?

2. Mwambieni muuzaji kazi yenyewe: "Tunataka wa kubeba maji, mitungi 20 kila safari, kwenye barabara ya mawe." Aandike hivyo kwenye risiti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka na kumtegemea ujuzi wake, kitu hicho ni lazima kifae kwa kazi hiyo.

3. Kagueni kwa macho na kwa mkono. Sheria hiyo hiyo haiwateteі watu waliokagua kitu na wakaacha ubovu ambao ukaguzi wao ungeuonyesha. Inueni gurudumu mlizungushe. Lisiyumbe wala lisikwaruze. Mlitikise kutoka juu na chini: likicheza, beringi haikukazwa vizuri. Pimeni kwa kamba umbali kati ya tairi mbili upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Vipimo vikitofautiana sana, magurudumu hayako sawa na tairi zitalika upesi.

4. Angalieni umri wa tairi. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa haijawahi kugusa barabara na bado iwe imezeeka.

5. Risiti iandikwe jina la kikundi, si la mwenyekiti. Mkilipa kwa M-Pesa, msifute ule ujumbe.

Na kama mnaagiza kwa fundi wa jua kali asiye na karatasi ya waranti? Andikeni mapatano yenu wenyewe, fundi na maofisa wa kikundi watie sahihi. Msilipe zote, bakizeni sehemu ya kulipa baada ya mkokoteni kufanya kazi kwa muda mliokubaliana.

PIMENI MZIGO

Jambo la kwanza atakalosema muuzaji ni, "Mlizidisha mzigo." Hebu tufanye hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400. Mitungi yenyewe mitupu ni kama kilo moja kila mmoja, basi tumefika 420. Wakipanda vijana wawili juu, tumepita kilo 500. Kama ekseli ni ya kilo 500, kumbe muuzaji ana haki!

Tairi nayo ina kipimo chake. Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba na herufi. Namba 91 maana yake tairi hiyo moja inabeba kilo 615. Namba 100 ni kilo 800. Lakini msidanganyike na tairi nzuri. Tairi mbili za 91 zinaweza kubeba zaidi ya tani moja, na ekseli iliyo chini yake ikabeba nusu tu. Kile kinachobeba kidogo ndicho kinachotoa amri. Na tusisahau, punda naye ana kipimo chake.

TAIRI HUSEMA

Tairi ni shahidi mzuri mkijua kumsikiliza:

- Ikilika katikati, upepo ulizidi.
- Ikilika kingo zote mbili, upepo ulipungua. Hapo lawama ni yenu.
- Ikilika upande mmoja tu, ekseli imepinda au ilichomelewa vibaya. Kama ilianza wiki za kwanza na mzigo haukuzidi, mna kesi ya kudai.
- Kitovu cha gurudumu kikiwa cha moto kushinda mwenzake baada ya safari, beringi haina grisi au imekazwa mno. Simameni, msiendelee.
- Ufa kwenye ekseli ukiwa na kutu ndani, ulikuwapo siku nyingi. Ukiwa unang'aa, ni mpya.

Mkokoteni mpya ukishafanya kazi siku ya kwanza, kazeni nati za magurudumu tena, kwa sababu hulegea. Gurudumu likichomoka kwa nati iliyolegea, waranti haitawasaidia.

Haya yote yaandikwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari la mkokoteni wekeni tarehe, mitungi iliyobebwa, upepo ulipopimwa, grisi ilipotiwa, na jina la aliyeendesha.

IKIHARIBIKA, MFANYEJE?

Kwanza, simamisheni mkokoteni siku hiyo hiyo. Mkiendelea kuutumia, muuzaji atasema ubovu mdogo mliufanya mkubwa.

Pili, msimruhusu fundi mwingine kuufungua, kunyoosha wala kuchomelea kabla muuzaji hajauona. Hili ndilo lililowaangusha wenzetu wa kwanza. Kama uko katikati ya barabara na ni lazima uondolewe, pigeni picha kwanza kwa simu, kutoka karibu na kutoka mbali.

Tatu, nendeni kwa aliyepokea pesa zenu. Akisema, "Hayo ni mambo ya kiwanda," mwambieni kwa heshima kwamba mliuziana naye, si na kiwanda. Kiwanda mnaweza kukiandikia pia, lakini muuzaji asijitoe.

Nne, pelekeni barua. Maneno ya mdomo husahauliwa. Andikeni tarehe ya kununua, namba ya risiti, ubovu ulivyo, siku mliouona, na mnachotaka: kutengenezewa au kubadilishiwa. Mpeni siku, kwa mfano 14. Atie sahihi kwenye nakala yenu. Risiti yenyewe msiiache kwake, mpeni kopi.

Tano, mkichukua mkokoteni uliotengenezwa, ombeni karatasi inayoeleza kilichofanywa, na mwombe siku ulizokaa gereji ziongezwe kwenye waranti.

MUUZAJI AKIKATAA

Msikate tamaa, na msipige kelele dukani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya ubovu wake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema bidhaa anayouziwa mtumiaji ichukuliwe kuwa na ahadi ya ubora, hata kama karatasi ya waranti haisemi neno. Na muuzaji hawezi kuifuta haki hiyo kwa maandishi madogo nyuma ya risiti.

Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kama mnashuku bidhaa ni hafifu, iambieni Shirika la Viwango, KEBS. Na ikibidi, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa kumalizika kwa siku 60. Ulizeni utaratibu katika Mahakama ya Makueni, mjini Wote.

Kikundi cha pili tulichokitembelea hakikufika huko. Ekseli yao ilipoanza kupinda, waliusimamisha mkokoteni, wakapiga picha, wakapeleka barua pamoja na daftari. Muuzaji alisoma kurasa zile kimya, kisha akabadilisha ekseli. Tairi hakulipa: ilikuwa imelika kingo zote mbili, na daftari lilionyesha kwamba upepo haukupimwa mwezi mzima. Akina mama walinunua tairi wenyewe bila kunung'unika, kwa sababu ukweli ulikuwa umeandikwa kwa mkono wao.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Risiti na karatasi ya waranti ya mali yetu ziko wapi leo? Nani anazitunza?
2. Mkokoteni wetu umeandikiwa kilo ngapi, na jana tulipakia kilo ngapi?
3. Nani kati yetu atashika daftari la mkokoteni, na nani atakuwa msaidizi wake?
4. Tukinunua kitu kingine mwaka huu, nani atatangulia kwenda kusoma waranti kabla ya mweka hazina kutoa pesa?