Pigo la Kichwa na Uvimbe wa Ubongo

Kwa miaka mingi matabibu wa Marekani na Kanada wamekuwa wakiuchungua ubongo wa mwanadamu kwa njia mbili zisizofanana. Wako wanaoangalia vichwa vya vijana wapandao mafahali kwa mchezo, na wako wanaoangalia uvimbe unaoota katika ubongo wa watoto wadogo. Huenda ukayaona mambo haya, ndugu msomaji, kuwa mbali mbali kama mbingu na ardhi. Lakini kwa mzazi yana mahali yanapokutana, na mahali hapo pana khatari.

Mchezo wenyewe huitwa rodeo, na asili yake ni kazi za wachunga ng'ombe. Mpandaji hushika kamba kwa mkono mmoja juu ya fahali arukaye na kupiga mateke, na hutakiwa akae sekunde 8 tu. Wengi hawazifikishi. Mwaka 1989, katika mji wa Cheyenne, bingwa aitwaye Lane Frost alizitimiza sekunde zake, akashuka, kisha fahali akamgeukia na kumpiga pembe. Haukupita muda akafariki. Baada ya msiba huo rafiki yake, Cody Lambert, alibuni fulana ngumu ya kukinga kifua, na wapandaji wakaipokea. Kofia ngumu ya kukinga kichwa haikupokewa kwa wepesi huo, kwani wengi waliona aibu kuivua ile kofia pana ya kichungaji. Ajabu ya mwanadamu: ubavu huuhifadhi, na akili akaiacha wazi! Hata kofia ngumu nayo hulinda fuvu zaidi kuliko ubongo, maana ubongo hutikisika ndani ya fuvu lisilovunjika. Ty Pozzobon wa Kanada alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 25, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na maradhi yatokanayo na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara. Yeye ndiye mpanda fahali wa kwanza wa ngazi yake kuthibitishwa hivyo.

Amma uvimbe wa ubongo, huo hauna mchezo wala uwanja. Humwota mtoto ambaye hakufanya lolote, na katika akthari ya watoto sababu yake haijulikani.

Sasa sikiliza khabari hii. Mwaka 1961 binti mdogo wa Neil Armstrong, yule ambaye mwaka 1969 alikuwa mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alianguka bustanini akagonga kichwa. Baadaye macho yake yakaanza kwenda upande, na miguu ikawa inajikwaa. Ikadhaniwa kuwa ni athari ya kule kuanguka. Uchunguzi ulipofanywa ukaonekana uvimbe katika shina la ubongo, mahali ambapo kisu cha tabibu hakiwezi kuuondoa. Alitibiwa kwa mionzi, na mwezi wa Januari 1962 akafariki hajatimiza miaka 3.

Hapa ndipo nilipokusudia kukufikisha. Pigo la siku moja halioteshi uvimbe kwa juma moja au mawili. Mara nyingi huwa kinyume chake, uvimbe ndio umwangushao mtoto, khasa ukiwa katika sehemu ya nyuma ya ubongo ishikayo mizani ya mwili. Mtoto aliyekuwa akitembea vizuri akaanza kupepesuka. Anayeumwa na kichwa kila asubuhi na kutapika. Ambaye jicho lake limekwenda upande, au ashikaye shingo yake kwa kuinamisha kichwa. Huyo yapasa apelekwe kwa tabibu, wala asiambiwe kuwa ameanguka tu. Si kila kichwa kiumacho kina uvimbe, bali vilivyo vingi havina. Lakini dalili zikidumu au zikikusanyika mbili tatu, kungoja hakufai. Uingereza tangu mwaka 2011 watu wamekuwa wakifundishwa dalili hizi, na muda wa kuugundua uvimbe, ambao zamani ulizidi wiki 13, ulishuka chini ya wiki 7.

Na kugundua mapema kuna maana, kwa kuwa uvimbe hizi si jinsi moja. Uitwao meduloblastoma, uliopewa jina hilo na Bailey na Cushing mwaka 1925, hupona kwa watoto wengi siku hizi: hupasuliwa, kisha ubongo na uti wa mgongo vikapigwa mionzi, na dawa zikafuata. Mionzi hiyo lakini huigharimu akili ya mtoto. Huenda akapona, kisha masomo yakamshinda. Kwa hiyo matabibu waliipunguza kwa kadiri ya thuluthi kwa watoto wasio katika khatari kubwa, wakaongeza dawa, na watoto wakaendelea kupona. Walipojaribu kuipunguza zaidi ya hapo kwa walio wadogo, maradhi yakarudi kwa wengi zaidi. Mpaka huo umejulikana kwa watoto waliokubaliwa na wazazi wao kuingizwa katika uchunguzi, na ni deni kubwa tulilo nalo kwao.

Uvimbe wa shina la ubongo ungali mgumu. Wengi wa waupatao hawamalizi mwaka mmoja au miwili. Mwaka 2012 ilivumbuliwa kasoro iliyo ndani ya chembe zake, na mwezi wa Agosti 2025 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza, dodavipuroni, kwa wenye kasoro hiyo ambao maradhi yao yameendelea baada ya matibabu. Haiwaponyeshi, kwa baadhi yao uvimbe hunywea kwa muda wa miezi.