Siku ya kupumzika nayo inajenga mwili

Jumapili moja kijana wa kwaya yetu hapa Hewa Bora alishindwa kuinua mikono wakati wa sifa. Tulidhani ni mgonjwa. Yeye akacheka, akasema ni vyuma tu: siku kumi na mbili mfululizo alikuwa akinyanyua kila jioni, kifua na mikono, pamoja na wenzake waliojaza makopo saruji na kuyaunganisha kwa bomba. Siku tatu kati ya hizo alikuwa kwenye mfungo. Tulipozidi kumwuliza, akakiri kwamba mkojo wake umekuwa mweusi kama chai iliyokolea. Hapo kicheko kikaisha. Tulimpeleka kwa daktari siku ile ile, akatundikiwa serumu na kulazwa. Leo ni mzima, tunamshukuru Mungu.

Tunaandika haya kwa sababu hayuko peke yake. Vijana wetu wengi wanapenda vyuma, na sisi wachungaji tunafurahi. Kijana anayetokwa jasho kiwanjani jioni ni afadhali kuliko anayekaa kwenye pombe. Lakini wengi wanaamini kwamba kupumzika ni uvivu. Na tuseme ukweli: huenda wamejifunza hivyo kwetu, tunaosifu mtumishi asiyelala.

Mwilini kunatokea nini?

Unaponyanyua uzito, msuli haukui saa ile. Unachoka, nyuzi zake ndogo zinaumia kidogo, na akiba yake ya nguvu inapungua. Baadaye, unapokula na kulala, mwili unatengeneza palipoumia na kupaimarisha kuliko mwanzo. Kazi hiyo ya kujenga inaendelea kwa siku moja hadi mbili. Maumivu nayo huwa makali kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, hasa kwa anayeanza.

Mafundi wetu wanalijua jambo hili. Hakuna anayemwaga beto leo na kupandisha ukuta juu yake jioni ile. Anaimwagilia maji, anaiacha ishike. Anayerudia kifua kilekile kila siku anapanda juu ya beto mbichi. Mwanzoni anaona nguvu haiongezeki. Kisha viungo vinauma, usingizi unapotea, hasira zinakuja upesi.

Akizidisha sana, msuli unabomoka na mabaki yake yanaingia katika damu, halafu yanaziba na kuharibu figo. Mkojo ule mweusi ndiyo alama yake. Asiyekunywa maji ya kutosha yuko katika hatari zaidi. Ukiona mkojo wa rangi hiyo, au msuli umevimba na kukosa nguvu kabisa, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Tutakuombea ukiwa njiani.

Wenye nguvu nao walisubiri

Wazee wetu wanakumbuka pigano la Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa. Lilipangwa tarehe 25 Septemba 1974. Siku chache kabla, Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, serikali ya Mobutu ilikuwa imejiandaa, dunia nzima ilikuwa inangoja. Hata hivyo pigano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Fedha na vyeo vyote vilisubiri ngozi ya mtu mmoja ishikamane.

Tufanye nini?

Usirudie sehemu ileile ya mwili siku mbili mfululizo. Ipe angalau saa 48. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinatosha kabisa kwa anayeanza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Halisemi siku saba. Siku ya katikati unaweza kutembea au kunyoosha viungo.

Lala. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9. Ukitoka kwenye mkesha wa maombi Ijumaa, Jumamosi usiguse vyuma.

Kula. Bukari peke yake inatoa nguvu, lakini msuli unajengwa kwa maharage, ndakala, mayai, karanga. Siku za mfungo acha uzito kabisa. Kufunga ni kunyenyekea mbele za Mungu, na hakuna unyenyekevu katika kupima ubavu siku hiyo.

Usimeze vidonge vya maumivu ili uendelee kunyanyua; vinanyamazisha mlinzi anayekuamsha, na mwili ukikosa maji vinaweza kuumiza figo. Dexamethasone inayomezwa ili mtu anenepe ni mbaya zaidi: inavimbisha uso, huku ikidhoofisha misuli na mifupa.

Neno la Mungu

Katika 1 Wafalme 19, Eliya amechoka hata anaomba kufa. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya anatembea siku arobaini mpaka Horebu. Usingizi ule ulikuwa sehemu ya safari.

Kuna jambo jingine linalotuchoma sisi wenyewe. Kijana wa vyuma anaweza kuchagua siku yake ya kupumzika. Lakini yule anayebeba magunia ya unga sokoni, anayechimba, mama anayeteka maji kabla ya mapambazuko, hao pia wananyanyua uzito, na mwili wao unafuata sheria ileile. Kumbukumbu la Torati 5 inaamuru siku ya saba mtumwa na mjakazi wapumzike pamoja na bwana wao, kwa kuwa Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Basi aliye na mfanyakazi nyumbani ajiulize: ninapoketi kanisani Jumapili, yeye anafanya nini? Na sisi viongozi tujiulize kama ratiba zetu za mikutano zinamwachia mtu aliyebeba mizigo wiki nzima jioni moja ya kulala mapema.

Kijana wetu amerudi kwenye vyuma, mara tatu kwa wiki. Anatuambia sasa ananyanyua zaidi kuliko zamani. Jumapili iliyopita aliinua mikono yote miwili.

Bwana awape nguvu, na usingizi pia.