Jumatano za Vuli Jijini Nairobi

Kila Jumatano, kabla ya saa tatu asubuhi, watu wenye darubini shingoni hukusanyika kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Wamo wastaafu, wanafunzi wa chuo, vijana wanaotaka kazi ya kuongoza watalii, na wageni walioingia mjini juzi tu. Salamu zikiisha, wenye magari huwapakia wasio nayo, msafara ukaelekea msitu wa Karura, City Park, au penginepo palipokubaliwa siku hiyo. Fleur Ng'weno ndiye aliyeanzisha matembezi haya mwaka 1971. Hufanyika chini ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake inafika 1909, na leo ni desturi ya mji kama zilivyo ibada na masoko ya wiki.

Hutembewa mwaka mzima, ila kuanzia Septemba hadi Novemba mwendo hubadilika. Watu hupunguza maneno na kuinua macho mara kwa mara. Huko Ulaya na Siberia majani yanapukutika na wadudu wanatoweka, kwa hiyo ndege wanaoishi kwa wadudu hawana budi kusafiri. Kamusi huyaita majira hayo ya kaskazini vuli. Mkenya naye akisikia vuli huwaza mvua ya Oktoba hadi Desemba. Inapendeza kwamba neno moja limebeba yote mawili, maana ndege huondoka katika vuli ya kule na kutua katika vuli ya huku, ardhi inapoanza kutoa wadudu.

Mara nyingi sauti hutangulia. Kundi la keremkerem wa Ulaya hupita juu sana, likilia kwa mikwaruzo laini, na msafara mzima husimama katikati ya njia, shingo nyuma, kila mmoja akitafuta vinukta angani. Kisha anatokea ndege mwingine ambaye hana madoido hata kidogo: kijidege cha kijani kilichochujuka, chenye ufito wa manjano juu ya jicho, kinachorukaruka ndani ya mgunga bila kutulia. Hapo ndipo adabu ya kazi hii huonekana. Hakuna anayepiga kelele wala kurusha mkono ghafla. Aliyekiona huwaelekeza wenzake kwa sauti ya chini: mgunga wa pili, tawi lililokauka, kushoto, sasa kimeshuka. Mwenye darubini nzuri humwazima asiye nayo, na hatua haipigwi mpaka wa mwisho naye aone.

Kijidege hicho kina uzito wa gramu 10 hivi, kama vijiko viwili vidogo vya sukari. Wapo wa jamii yake wanaotoka mashariki ya Siberia na kusafiri zaidi ya kilomita 10,000 hadi Afrika, wakiruka usiku. Anayeelezwa hayo kwa mara ya kwanza aghalabu huinua tena darubini na kutazama upya.

Majina hutajwa kwa Kiingereza, na hilo ni pengo linaloumiza, kwa kuwa lugha za nyumbani zina majina mazuri yanayotokana na mlio au tabia. Sikiliza tu kwarara: ndege huyo anajiita mwenyewe kila alfajiri juu ya mapaa ya Nairobi. Heri mzee anapokumbuka jina alilofundishwa na nyanyake akilisha ng'ombe, vijana wakaliandika. Hata bundi, ambaye kwa wengi kilio chake ni habari ya msiba, humu hupata watu wanaomtafuta kwa hamu.

Wengine huifuata safari ya ndege hadi Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, mwezi wa Novemba na Desemba, taa za hoteli iliyo kilimani huwavuta ndege walio safarini. Tangu 1969 wataalamu na wasaidizi wa kujitolea wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, kuwapima, kuwavika pete ndogo mguuni na kuwaachia. Mkono unaomshika ndege huyo hujifunza upesi: vidole viwili kando ya shingo, kifua huru, moyo ukidunda kwa kasi kiganjani.

Baada ya mvua kubwa, kumbikumbi wanapochomoza ardhini, karamu huwa ya wote. Mbayuwayu huwadaka hewani. Tai wakubwa waliotoka nyika za Asia hutua chini na kuwadonoa kama kuku. Kutoka bara la Asia, baada ya kuvuka Bahari ya Hindi, hufika pia kozi wa Amur, wakitanda juu ya mbuga kwa makundi. Siku kama hiyo muda wa kurudi mjini hupita, injini za magari zimezimwa, na kila mtu bado anahesabu.