Bunduki ya Askari ni ya Nani? Funzo la Mapinduzi ya Ufaransa

Kila ifikapo tarehe 14 Julai, majeshi ya Ufaransa hupita kwa gwaride mjini Paris, na wananchi hujipanga kandokando ya barabara kuyashangilia. Mgeni aweza kudhani kwamba siku hiyo ni ukumbusho wa ushindi dhidi ya adui wa nje. La, hasha. Chimbuko lake ni siku moja ya mwaka 1789, ambapo askari waliokuwa wakilipwa na mfalme waliielekeza mizinga yao kwenye ngome ya mfalme huyo huyo. Sisi tuliokabidhiwa silaha yatupasa kuyatafakari mambo hayo kwa makini.

Louis wa Kumi na Nne aliikalia enzi ya Ufaransa kwa miaka 72, tangu mwaka 1643 hadi alipofariki mwaka 1715. Alidai kuwa mamlaka yake yametoka kwa Mungu, kwa hiyo hakuna binadamu wa kumwuliza. Mwaka 1682 alihamishia serikali katika jumba lake la fahari huko Versailles, makabaila wakawa wakimzunguka kungojea upendeleo. Juu ya mizinga yake yaliandikwa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba hiyo ndiyo hoja ya mwisho ya wafalme. Hoja ya umma haikuwa na mahali: Baraza la Madaraja Matatu, yaani makasisi, makabaila na watu wa kawaida, halikuitwa hata mara moja tangu mwaka 1614.

Makasisi na makabaila walisamehewa kodi nyingi, na mzigo ukamwelemea mkulima. Jeshini nako dhuluma ilikuwa ile ile. Amri ya mwaka 1781 ilitaka kijana anayeomba kuwa ofisa athibitishe kwamba ukoo wake ni wa kikabaila kwa vizazi vinne. Mtoto wa fundi, hata angekuwa hodari namna gani, matumaini yake yalikomea kwenye usajini.

Lakini fikra haifungwi pingu. Voltaire alitiwa kizuizini katika ngome ya Bastille mwaka 1717 kwa sababu ya maandishi yake, na alipotoka aliendelea kuandika. Mwaka 1748 Montesquieu alieleza kwamba kutunga sheria, kuitekeleza na kuhukumu ni kazi tatu zisizofaa kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1762 Rousseau alifundisha kwamba mamlaka ya nchi ni mali ya umma wenyewe. Vitabu vilipigwa marufuku, na watu wakazidi kuvisoma.

Hatimaye hazina ilikauka. Vita vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza viliongeza madeni, hata ilipofika mwaka 1788 yapata nusu ya mapato ya serikali iliishia katika kulipa riba. Louis wa Kumi na Sita akalazimika kuliita lile Baraza, nalo likafunguliwa tarehe 5 Mei 1789. Tarehe 17 Juni wajumbe wa daraja la tatu walijitangaza kuwa Bunge la Taifa. Siku tatu baadaye, walipoukuta ukumbi wao umefungwa, waliapa kutotawanyika hadi nchi ipate katiba.

Mfalme aliizingira Paris kwa majeshi. Hata hivyo, Walinzi wa Ufaransa, kikosi chenye makao mjini humo, walikuwa wakiishi na raia, wengine wameoa huko, na bei ya mkate iliwaumiza wao pia. Tarehe 14 Julai umati ulichukua bunduki katika jengo la Invalides, ukaenda Bastille kutafuta baruti. Karibu watu mia moja miongoni mwa washambuliaji walipoteza maisha. Walinzi hao walipofika na mizinga, ngome ilisalimu amri. Mkuu wake aliuawa baada ya kusalimu, tendo ambalo askari mwenye nidhamu hawezi kulisifu.

Mwezi uliofuata, Bunge lilitangaza Haki za Binadamu na Raia. Ibara ya 12 yasema kwamba jeshi na polisi vimewekwa kwa manufaa ya wote, si kwa faida ya wale waliokabidhiwa. Milango ya vyeo nayo ilifunguka: Hoche, mtoto wa mtumishi wa mazizi ya mfalme, aliyekuwa koplo katika Walinzi hao, alikuwa jenerali mwaka 1793 akiwa na umri wa miaka 25.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1793, na baada yake maelfu ya watu, wengi wao wasio na hatia. Kisha, tarehe 10 Novemba 1799, askari wa Jenerali Bonaparte waliingia na singe katika ukumbi wa wawakilishi huko Saint-Cloud, wakawafukuza. Miaka mitano baadaye jenerali huyo alijivika taji la kaizari.

Hivyo, katika muda wa miaka kumi tu, bunduki ile ile ililifungulia Bunge mlango, kisha ikalifukuza. Chuma ni kimoja. Kilichobadilika ni jibu la yule aliyeishika alipojiuliza anamtumikia nani. Swali hilo halijibiwi na gwaride wala na medali. Kila askari hulijibu mwenyewe, siku anapoamriwa kuwaelekezea mtutu watu wa kwao.