Zebaki na Afya ya Samaki Wetu

Katika sharika za kando ya Ziwa Victoria swali hili huulizwa mara kwa mara: je, samaki wa karibu na machimbo ya dhahabu ni salama? Tumeona vema kulieleza hapa.

Zebaki hufikaje majini?
Wachimbaji wadogo, kama wale wa mkoa wa Geita, husaga mawe kwenye karasha, kisha hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa kama mvuke na baadaye hurudi ardhini na majini. Zebaki iliyobaki kwenye marudio husombwa na mvua hadi mitoni. Huko kwenye matope bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi.

Samaki huathirikaje?
Sumu hiyo huingia mwilini pamoja na chakula na hukawia sana kutoka. Dagaa hula viumbe vidogo vya majini, sangara hula dagaa, na kwa kila hatua sumu huongezeka. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu: samaki huwa mzito kukwepa adui, na uzazi wake hupungua. Metali nyingine, kama shaba na kadmi, huumiza mashavu anayopumulia.

Hata hivyo, samaki mwenye zebaki anaweza kuonekana mnono na mzima. Kumkausha, kumbanika au kumchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Funzo la Minamata
Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki baharini. Samaki walikufa, paka waliowala wakaanza kutetemeka na kuanguka, na mwaka 1956 ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi kwa watu. Watoto walizaliwa na ulemavu ingawa baadhi ya mama zao hawakuonyesha dalili kubwa. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tufanye nini?
Tusiache kula samaki. Vipimo vilivyofanywa Ziwa Victoria vilionyesha kuwa samaki wengi walikuwa chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo. Waliozidi wenzao ni sangara wakubwa. Kwa hiyo mama wajawazito na watoto wadogo ni heri wale zaidi dagaa na sato.

Kazi kubwa iko machimboni. Donge lichomwe ndani ya chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke ili zebaki ikusanywe na kutumika tena. Lisichomwe jikoni wala karibu na watoto. Marudio yazungushiwe kingo, mbali na mito.

Wachimbaji na wavuvi ni waumini wa sharika zilezile, na mara nyingi ni wa nyumba moja. Tunawaomba wachungaji na wazee wa kanisa wawakutanishe wazungumze mapema. Zebaki ikishatua kwenye matope ya ziwa, hakuna wa kuizoa.