Hewa Kwanza: Gari la Tabo Linapotafutiwa Nguvu Kilombero

Pita Ifakara mjini asubuhi ya siku ya kazi uangalie Land Cruiser za hospitali, za watafiti wa malaria na za mashirika. Nyingi zimebeba injini ileile: 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo. Nguvu yake ya kuzungusha ni karibu nyutonimita 285. Mwaka 2023 Toyota walianza kufunga kwenye gari la umbo hilohilo injini ya lita 2.8, silinda nne, yenye tabo, nayo inafikisha nyutonimita 500. Nozeli za kisasa na kompyuta zina mchango wake, hilo halina ubishi. Lakini dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo haina ubavu wa kuisogelea 1HZ, sembuse kuipita.

Tofauti iko kwenye hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kuongeza mafuta si kazi, pampu ipo; kazi ni kuingiza hewa, maana injini ya kawaida huivuta kwa pistoni tu na kuridhika na inachopata. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kutumia moshi unaotupwa nje uzungushe gurudumu dogo, na gurudumu hilo, kwa mhimili mmoja, lizungushe jingine upande wa pili linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Hiyo ndiyo tabo. (Waswisi wengine walifika Ifakara miaka ya 1950 kufungua maabara ya magonjwa ya kitropiki, ile iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara. Sijui kama kuna aliyewahi kuwashukuru kwa tabo.)

Kwa kijana wa Bonde la Kilombero anayetaka gari la petroli lenye tabo, chaguo la karibu ni Subaru Forester ya lita 2.0 kutoka Japani, zile za miaka ya 2002 hadi 2007. Ilitoka kiwandani na nguvu farasi 220. Akishaipata, wiki haiishi kabla hajaanza kuuliza bei ya eya klina ya koni, ekzosi ya mngurumo na programu mpya ya kompyuta. Mimi ningemwuliza swali jingine: kati ya zile 220, zimebaki ngapi? Gari lina miaka ishirini, limevuka bahari, limepita mikononi mwa mafundi usiowajua. Nguvu za bei rahisi kuliko zote ni zile zilizokwisha kuvuja.

Na zinavuja kweli. Kipimo cha hewa cha Subaru kiko jirani na eya klina, kabla ya tabo. Kompyuta inahesabu hewa yote inayopita hapo na kumwaga petroli ya kulingana nayo. Mpira ukichanika baada ya tabo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatorokea nje, ila petroli yake inaingia ndani vilevile. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi nyeusi, gari zito, na tangi linaloisha kabla ya safari. Tabo nayo, ikilazimika kufidia kilichotoroka, inazunguka kwa kasi zaidi kuliko ilivyopangiwa. Hapo mwenye gari huambiwa tabo imekufa, auziwe ya mtumba.

Kabla ya kukubali, mwite fundi pancha. Kipande cha bomba la plastiki la maji kinachoenea kwenye mpira wa kuingizia hewa kwenye tabo, kifuniko cha bomba hilo, na valvu ya tairi isiyo na mpira wa ndani: toboa kifuniko, funga valvu, ziba mdomo wa mpira kwa chombo hicho na ubane klipu. Injini iwe imezimwa na imepoa. Jaza upepo kidogo kidogo hadi psi 10 au 12, usizidishe, na usisimame mbele ya kizibo, maana kikichomoka kinaweza kuvunja vidole. Sasa chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza kila maungio: pale mpira unapotoka kwenye tabo, chini ya intakula (kipozeo cha hewa itokayo kwenye tabo), kwenye mdomo wa kuingilia injini, kwenye vimpira vyembamba vya kuvuta upepo ambavyo joto la miaka limevikausha mpaka vinakatika ukivishika. Panapovuja povu linapanda. Pengine utasikia mvumo tu kabla hata ya kuona povu. Upepo kiasi utapita kwenye valvu za injini zilizo wazi na kuishia kwenye oili, huo usikutishe. Wa kutafuta ni ule unaotokea nje. Mara nyingi dawa ni klipu mpya na nusu mita ya mpira wenye nyuzi ndani.

Ukimaliza kuziba, unakutana na joto, na hapa Kilombero lina mamlaka yake. Ifakara iko chini, mita mia mbili na ushee tu juu ya usawa wa bahari, imezingirwa na milima, na Novemba kivulini huweza kufika nyuzi 35. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Tuseme tabo inaipandisha hadi mara 1.8 ya shinikizo la kawaida, kwa ufanisi wa asilimia 70: ile ya nyuzi 35 inatoka ikiwa na nyuzi 115 hivi. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo uzito wake haupandi mara 1.8 bali mara 1.4 tu. Intakula ikiipoza hadi nyuzi 55, inarudi karibu 1.7. Pengo hilo kati ya 1.4 na 1.7 ni nguvu ambazo hakuna programu ya kompyuta itakayokupa kwa usalama.

Sasa tazama intakula ya Forester ilipowekwa. Imelazwa juu ya injini yenyewe, inasubiri upepo upitie kwenye tundu la boneti. Gari likikimbia, sawa. Likikwama nyuma ya trekta la miwa kuelekea Kidatu, upepo haupo na joto la injini linapanda moja kwa moja, kipozeo kinageuka kuwa kipashio. Halafu kuna makapi ya mpunga, mbegu za majani, na wadudu wa jioni wanaopita mashambani kwa maelfu, wote wakiingia kwenye tundu lilelile na kunasa kati ya vipezi vya alumini. Ichomoe, ioshe kwa maji yasiyo na presha kubwa kutoka chini kwenda juu, kinyume na upepo ulivyouingiza uchafu, nyoosha vipezi vilivyolala. Angalia pia sponji nene inayoziba nafasi kati ya boneti na intakula. Kwenye magari mengi ya mtumba imeoza, upepo unapita pembeni bila kugusa kitu. Fundi wa kushona viti vya magari anaweza kukukatia nyingine.

Ile eya klina ya koni ndiyo watu wengi huanza nayo duniani kote, na kwa bonde hili naipinga waziwazi. Ikifungwa wazi chini ya boneti inavuta hewa ya injini. Ikiwa hewa hiyo ina nyuzi 60, itakayotoka kwenye tabo itakuwa karibu nyuzi 147. Umelipia mlio, umepoteza hewa baridi. Wengine hukwepa kosa hilo kwa kuishusha koni hadi nyuma ya bampa. Kwenye lami ya nchi nyingine ni busara. Kwenye njia ya Mlimba wakati wa masika ni kuialika injini inywe maji. Maji hayashindiliki. Pistoni ikiyakuta juu yake, kinachopinda ni mkono wake.

Vumbi ni baya zaidi kwa sababu halina kishindo. Gurudumu la hewa lenye kipenyo cha milimita 50 likizunguka mara 150,000 kwa dakika, ncha za mapanga yake zinakwenda karibu mita 390 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Chembe ya mchanga inayokutana na panga kwa mwendo huo hukwangua alumini, na inayopita huenda kusaga kuta za silinda. Boksi la eya klina la kiwandani, lenye karatasi nzuri na mpira wa kuziba usiochakaa, limeundwa na watu waliolijua tatizo hilo. Libakize. Kwa gari la dizeli linalofuata wenzake kwenye vumbi la kiangazi, snokeli inayopeleka mdomo wa hewa juu ya paa ina faida hata siku ambayo hakuna mto wa kuvuka.

Wenye mashaka na haya wakumbuke Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya 1984, 1985 na 1986 yalichukuliwa mfululizo na Toyota Celica ya tabo, mara mbili chini ya Björn Waldegård na mara moja chini ya Juha Kankkunen. Ilikuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, wakati Audi na Peugeot zilisukumwa na magurudumu yote manne. Kwenye vumbi na joto la maelfu ya kilomita, kilichoamua ni gari lipi linaendelea kupumua siku ya mwisho.

Petroli inahitaji maneno zaidi. Forester ya tabo kutoka Japani ilipangwa inywe petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kwenye vituo vingi hufika oktani 100. Yetu iko chini ya hapo. Oktani ni uwezo wa mafuta kuvumilia joto na mgandamizo bila kulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuyafikia. Yakilipuka mapema, injini hutoa mlio kama changarawe ndani ya kopo, na kila mlipuko huo ni nyundo juu ya pistoni. Ndani ya injini kuna kifaa kinachousikia mlio huo, hata usipousikia wewe, na kompyuta hujibu kwa kuchelewesha moto wa plagi. Gari linapona, lakini linapoteza nguvu. Kwa hiyo Forester inayokunywa petroli yetu kwenye joto la Ifakara huenda tayari inaendeshwa na kompyuta iliyoogopa. Intakula safi na mafuta ya kituo chenye wateja wengi huiondolea woga huo, na nguvu zinarudi bila mtu kufungua laptopu. Mafuta ya kwenye madumu ni bahati nasibu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umeshamiri, na mafuta ya taa yana oktani duni mno. Kiasi kidogo tu ndani ya petroli kinatosha kuumiza injini ya tabo.

Baada ya hayo yote ndipo geji ya shinikizo la tabo inunuliwe, kisha ekzosi, kisha kompyuta. Mpangilio una sababu. Bomba pana baada ya tabo hupunguza mgandamizo wa moshi, gurudumu huzunguka kirahisi, na shinikizo linaweza kupanda kupita pale ulipotaka, kwa kuwa mlango wa pembeni unaopunguza moshi unaofika kwenye gurudumu haukuundwa kwa mkondo huo. Bila geji utajua injini ikishanoki. Programu ya kompyuta ndiyo inayotoa nguvu nyingi kwa fedha chache, ila itengenezwe juu ya mashine ya kupimia nguvu, gari lenyewe likiwa na mafuta yake ya kila siku. Hiyo ni safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Faili lililotengenezwa kwa petroli ya nchi nyingine, likatumwa kwa simu, silishauri kwa mtu ninayempenda.

Wenye Toyota Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ wao wana jaribu lao: kuongeza dizeli mpaka gari litoe moshi mweusi, kisha kuuita moshi huo nguvu. Ni dizeli iliyokosa hewa. Joto la ekzosi linapanda, na silinda hedi ya 1KZ ina sifa ya kupasuka ikizidiwa joto.

Breki na tairi zitangulie kabla ya nguvu, bila mjadala. Kutoka kilomita 80 kwenda 110 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inakaribia mara mbili, na barabara ya Kidatu kwenda Ifakara ina baiskeli zisizo na taa.

Mtihani wa kweli uko nje ya bonde. Ukitoka Mikumi kwenda Iringa, Kitonga inakungoja: kona, malori mwendo wa kobe, upepo hautoshi kwenye intakula, na hewa inazidi kuwa nyepesi. Karibu na mita 1,550, Iringa, shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la pwani. Kompyuta iliyopangwa Dar kulenga shinikizo lilelile ndani ya injini itailazimisha tabo kushindilia mara 2.1 badala ya 1.8, na hewa itoke na nyuzi zinazokaribia 130 hata kama nje ni 25 tu. Mwambie fundi wa kompyuta, kabla hajaanza kazi, kwamba unapanda Kitonga. Na ukifika juu usizime injini papo hapo. Iache ingurume dakika moja au mbili, oili ipoze mhimili wa tabo badala ya kuungulia humo.